Kabla Baba Hajaifikia Hita Yako

Kwako Dada,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakuulizia hali. Goti la shemeji limekaaje, na mwanangu mdogo ameacha kukohoa? Sisi huku tunaendelea. Mguu wa Mama umepungua kuvimba, sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta, ingawa yeye ukimwuliza atasema hajambo hata akiwa amebebwa. Baba mwili wake ni mzima: anakula, anatembea, anasimulia. Paa linavuja palepale unapopajua. Anayekuletea barua hii ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele. Mpe chai, ni mtu mzuri, ila usimhoji habari za nyumbani maana hajui kitu.

Naomba uisome peke yako. Nakujua, barua ikifika unawakusanya wote sebuleni na kuisoma kama taarifa ya habari. Hii jifungie nayo chumbani kwanza. Ningekupigia simu, lakini simu yako siku zote iko spika, na mimi hapa nikishika simu Mama anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufagia karibu na mlango wangu. Baba anaondoka Jumapili kuja kwako kutengeneza hita ya bafuni, ile uliyosema inawatekenya watoto kwa umeme wakigusa bomba. Barua itamtangulia. Uimalize kabla hajashuka kwenye basi.

Nianze na mashine ya kufulia, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Unaikumbuka ilivyo: imesimama kwenye kile chumba chembamba nyuma ya jiko, mlango wake wa kioo umepata ukungu, na kitufe cha kuwashia kimebadilishwa na kizibo cha chupa. Baba aliinunua ilipokuwa tayari imechakaa, nyumba ya wageni ilipofungwa na vitu vyake vikauzwa. Amebadilisha mkanda, pampu, beringi na mpira wa mlango. Mama huiita mke mwenzake, kwa sababu, anasema, haijapita wiki mzee hajalala ubavuni mwake na tochi. Baba hujibu kwamba mke huyo angalau akilalamika unajua wapi panauma.

Nilipofika likizo nikakuta imegoma katikati ya kazi, shuka zimeelea ndani ya maji ya povu na mlango haufunguki. Baba alifurahi kuniona kwa sababu mbili, ya kwanza kwamba mimi ni mwanawe na ya pili kwamba hajapata mshika tochi wa kuaminika tangu nilipoondoka. Tukakaa chini wote wawili. Alifanya kama alivyofanya siku zote. Alibandika sikio kwenye kioo cha mlango, akaniambia niwashe, akasikiliza pampu ikinguruma bila kuvuta, akasema kuna kitu kimeziba kooni. Tukaweka beseni, tukafungua kichujio kule chini, maji yakamwagika beseni likajaa, na ndani tukatoa kifungo cha koti, pini ya nywele na soksi ya mtoto ambayo Mama alidai si ya nyumba hii. Mashine ikamwaga maji. Baba akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Lakini haikukaa sawa. Siku iliyofuata ikagoma kuzunguka. Nikiwa dukani Baba akafungua nyuma, akaupata mkanda umelegea, akaukaza. Ikazunguka, ila maji yakawa hayapati joto, na Mama akasema hayo si kitu, maji baridi hayamuui mtu. Nilishangaa. Mama ndiye aliyetulea kwa kauli kwamba shuka isiyofuliwa kwa maji ya moto haijafuliwa.

Kitu kingine nilikiona nikakidharau. Kila Mama akiingia kule nyuma alivaa kandambili nene za mpira, mpya, zenye soli kama tofali. Akitoka anazivua na kuziweka juu ya kabati, si chini. Nilimtania kwamba amekuwa bibi harusi. Akasema sakafu ya kule ina baridi na mimi nisiingie peku. Nikaona ni maneno ya uzee.

Siku ya tatu niliingia peku. Nilikuwa nimebeba ndoo, mikono imelowa, mashine ikiwa inafanya kazi. Niliegemeza kiwiko kwenye bati. Dada, sikukitoa kiwiko kwa hiari yangu. Nilitupwa. Ndoo ilikwenda upande mmoja na mimi mwingine, na mkono ukabaki na ganzi hadi begani kwa muda mrefu. Mama alikuja mbio, akasimama mlangoni, na jambo la kwanza alilotazama ni miguu yangu.

Baba alisema ni umeme wa nguo, ule unaolia ukivua sweta. Nikamwambia sweta haijawahi kunirusha ukutani. Akazunguka mashine mara mbili, kisha uso ukamgeuka. Akasema kuna mtu amegusa kazi yake. Akamtaja Plaizi.

Plaizi unamfahamu, yule aliyejifunza ufundi kwa Baba mpaka akafungua kibanda chake pembeni ya duka la dawa, ambaye tulimpa jina hilo la koleo kwa sababu akishika kitu haachii. Baba alimwuliza Mama kama Plaizi alipita hapa yeye akiwa hayupo. Mama alikuwa anakoroga sufuria. Alitazama ndani ya sufuria kama jibu limo humo, akasema labda, hakumbuki vizuri.

Baba akavaa viatu. Nilimfuata nikidhani nitamtuliza njiani, lakini alitembea kama kijana. Plaizi alikuwa na wateja watatu na feni imefunguliwa mezani. Baba alimsimamia mbele yao akamwambia kwamba amemfundisha kazi kwa mikono yake, na malipo yake ni kuingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma na kuharibu mashine ya mama aliyemlisha. Alimwita mchonga nyaya. Alimwambia kwamba bintiye nusura afe. Mteja mmoja akacheka, mwingine akaichukua redio yake kutoka kwenye rafu na kuikumbatia, tayari kuondoka nayo.

Plaizi aliweka koleo chini. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Baba, akasema, "Sawa, Mzee. Nimekosea. Nisamehe."

Basi. Hakujitetea hata neno. Aliyeshika redio akaondoka nayo kweli. Njiani Baba alitembea kifua mbele, na mimi nilimchukia Plaizi kwa moyo wangu wote hadi tulipofika kwenye geti.

Mchana ule Baba alikwenda kunyoa. Nikasema nitamaliza hii kazi mwenyewe, niuone huo uharibifu wa Plaizi kwa macho yangu. Nikachomoa plagi, nikaivuta mashine mbele, nikaenda nyuma na tochi. Hapo nikasimama.

Unaijua alama ya Baba. Akimaliza kazi hudondosha rangi nyekundu ya kucha, nusu kwenye kichwa cha skrubu na nusu kwenye bati, ili skrubu ikizungushwa na mtu mwingine alama ikatike na yeye ajue. Mama amepoteza chupa ngapi za rangi kwa ajili hiyo hatujui. Kifuniko cha nyuma kilikuwa na skrubu sita. Nilizimulika moja moja. Alama zote zilikuwa nzima, nyekundu ya kung'aa, hata vumbi halijashika. Hakuna mtu aliyefungua kile kifuniko baada ya Baba.

Nikakifungua. Hita ya kupasha maji ilikuwa imepasuka upande mmoja, chumvi nyeupe imeota kwenye ufa. Hita ya namna hiyo huvujisha umeme kwenye bati. Kama waya wa ardhini umefungwa, ule wa kijani na njano, umeme unakimbilia ardhini, swichi kuu inaruka, nyumba nzima inazimika, na wewe unajua una ugonjwa. Waya ule ulikuwa umefunguliwa kutoka kwenye bati. Haukukatika wala kuchomoka. Ulifunguliwa kwa spana, ukakunjwa vizuri, na ncha yake ikafungwa tepu nyeusi. Sasa swichi hairuki tena. Mashine inafanya kazi, maji hayapati joto, na bati lote lina umeme unaomsubiri mtu mwenye miguu mitupu.

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Baba aliporudi, kidevu kimenyolewa, ananukia sabuni. Alikasirika kwamba nimefungua bila yeye. Nikamwambia nimeona tatizo, tulizungumze. Akasema hakuna la kuzungumza, Plaizi amekiri mbele za watu, na yeye alikwisha kurekebisha asubuhi. Hakuwa amerekebisha. Asubuhi tulikuwa wote. Lakini alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Akachomeka plagi na kugeuza kitufe, na mashine ikaanza kujaza maji na mimi bado nina spana mkononi. Nikarudi nyuma. Nikamwomba azime. Akasema ananiona nimemwogopa mke wa pili. Mama alikuwa amefika mlangoni kwa kelele zetu, na Baba akamgeukia.

"Mama watoto, vua hizo kandambili uje umwonyeshe mwanao. Weka mkono hapa."

Dada, nimekaa na jambo hili siku kadhaa na bado sijui nililiona kwa muda gani, lakini niliona yote. Sakafu ilikuwa bado imelowa kwa maji ya ile ndoo yangu. Mama alimtazama Baba, si mashine. Akavua kandambili ya kulia. Akavua ya kushoto. Aliziweka sambamba kando ya mlango kama mtu anayeingia kwenye chumba cha mgonjwa, kisha akapiga hatua kwenye maji na kunyoosha mkono. Alikuwa anajua. Mkono wake haukurudi nyuma.

Plagi ilikuwa nyuma ya Baba. Nilimsukuma. Sijawahi kumsukuma baba yangu. Nilimsukuma kwa bega kwenye kabati la sabuni, nikavuta waya, na plagi ikatoka pamoja na kipande cha soketi. Kiganja cha Mama kilitua kwenye bati lililokufa. Akasimama hivyo kidogo, kisha akaketi kwenye maji.

Baba aliokota miwani yake. Nilitegemea anipige, na ningekubali. Badala yake aliniuliza kuna nini huko nyuma cha kunitia wazimu. Nikammulikia. Alipiga magoti polepole, akaingiza mkono, akautoa ule waya na kuutazama kwenye mwanga. Unajua Baba anavyofunga tepu: ncha ya mwisho haibandiki yote, huikunja pembe tatu ndogo ili atakayeifungua kesho asihangaike na kucha. Alitufundisha sote, na sote tulishindwa kuikunja kama yeye. Aliishika ile pembe tatu kwa vidole viwili.

"Huu mkunjo ni wangu," alisema.

Akaniuliza nani aliyekata alama nyekundu. Nikamwambia ni mimi, leo, na kabla yangu zilikuwa nzima. Akatikisa kichwa. Akamtazama Mama aliyeketi kwenye maji, akamwambia aende akabadilishe nguo asije akapata homa. Halafu akaniambia nikamwite Plaizi.

Wakati Plaizi anakuja, Mama aliniita chumbani na kunieleza yaliyokuwa yamefichwa. Tangu kabla ya mvua zilizopita, Baba amekuwa akisahau, na si kusahau miwani au majina. Anasahau akiwa ndani ya kazi. Kwa fundi cherehani alitengeneza pasi akarudisha nyaya kinyume, ikatoa moshi. Kwa mama wa kona alikarabati taa akaacha waya uchi ndani ya soketi. Mama aligundua kwa bahati, na hakumwambia yeyote isipokuwa Plaizi. Wakapanga hivi: Baba akirudi kutoka kazini, Mama anampakulia chakula na kumwuliza alikuwa kwa nani leo na kulikuwa na shida gani, naye anasimulia kila kitu kwa raha. Mama anampelekea Plaizi habari. Plaizi anakwenda kwenye nyumba ile na kusema Mzee amesahau koleo lake, naomba nilitafute. Akiwa ndani anatafuta koleo, anasahihisha kazi, anaondoka. Watu wamekuwa wakimsifu Baba kwamba mkono wake haujazeeka. Mkono wenyewe ni wa Plaizi.

Nyumba zote alizoshika zilipitiwa, Dada, isipokuwa hii yetu. Mganga hajigangi. Baba yupo hapa kutwa na hakubali mtu mwingine asogelee mashine hii, kwa hiyo Plaizi hakuweza kuja kutafuta koleo. Mama alipotekenywa mara ya kwanza alinunua kandambili. Hiyo ndiyo dawa aliyoipata.

Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hakusema. Akasema kazi ndiyo kitu pekee ambacho bado watu wanamwitia. Wakiacha kumwita atakufa amekaa. Nikamwuliza na wewe je, ulitaka kufa umesimama? Akasema asingeweza kumwambia hapana mbele ya mwanawe.

Plaizi alikuja na hita nyingine aliyoitoa kwenye mashine mbovu. Aliifunga, akarudisha waya wa ardhini, akaniomba nikaze mimi ili nijue ulivyo. Baba alishika tochi. Mwishoni akamwambia Plaizi kwamba amemdhalilisha mbele ya wateja wake bila kosa. Plaizi akasema alipokuwa mwanafunzi alitukanwa vibaya kuliko hapo, tena kwa makosa aliyoyafanya kweli, kwa hiyo haya yahesabiwe bakaa ya yale. Baba akacheka. Mama alifua shuka kwa maji ya moto jioni hiyo hiyo, nami nilidhani tumevuka.

Asubuhi Baba aliamka, akaja kwenye mashine, akaona kifuniko hakina rangi nyekundu. Akasema kuna mtu amegusa kazi yake. Akaanza kutafuta viatu aende kwa Plaizi.

Nilimketisha nikamweleza upya, kila kitu, mpaka ule mkunjo wa tepu. Aliumia kama hajawahi kuambiwa, kwa sababu kwake hajawahi kuambiwa. Siku iliyofuata akaamka tena hana habari. Mama akanishika mkono akasema nisimuue kila asubuhi. Sikumweleza tena. Nilimwambia alama nimezikwangua mimi kwa bahati mbaya wakati wa kusafisha, akanigombeza, akachukua chupa ya rangi akaweka nyingine, tukanywa chai.

Sasa nakuja kwenye hita yako, ambayo ndiyo sababu ya barua. Mama anajua Baba anakuja huko. Alimpangia nguo yeye mwenyewe, ameshindwa kumzuia na ameshindwa kukwambia, analia jikoni akidhani hatusikii. Huko kwako hakuna Plaizi wa kuja kutafuta koleo. Hita inayotekenya ni hita inayovuja, na dawa ambayo mikono ya Baba inaikumbuka sasa ni kuufungua ule waya, basi. Chini ya bomba hilo wanaoga wanangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta fundi kesho, leo ukiweza, abadilishe hita na aufunge waya wa ardhini mbele ya macho yako. Usikubali akuambie haina shida. Mpaka atakapomaliza, hakuna mtu anayeoga humo. Baba akifika mwambie iliharibika kabisa mkashindwa kumsubiri. Atanuna siku moja. Mtafutie redio mbovu au saa ya ukutani. Na akisisitiza kuifungua hita aone kazi ya huyo fundi wenu, maana atasisitiza, usigombane naye. Nenda kimya kwenye swichi kuu, zima nyumba nzima, kisha mwache afungue. Akimaliza, mwite fundi aangalie kabla hujawasha.

Ndivyo tunavyofanya hapa. Juzi alitaka kukagua mkanda wa mashine. Mama alishusha swichi, nami nikapiga magoti na tochi. Baba alikuwa amefungua skrubu mbili tu akatulia, akainua kichwa.

"Friji imenyamaza," alisema.

Mama akasema umeme umekatika mtaa mzima. Dirisha lilikuwa wazi, na redio ya jirani ilikuwa inaimba. Baba aliisikiliza. Akautazama ukuta wenye swichi kuu, akamtazama Mama kwa muda, nami nikangoja aulize. Hakuuliza. Alinirudia mimi akaniambia niinue tochi kidogo, haoni vizuri, akaendelea kufungua.

Mama hajui kwamba nimekuandikia, na nakuomba asijue mpaka tukutane. Nipelekee salamu kwa shemeji, na wanangu wote nawabusu, mkubwa nikimkumbusha kitabu changu. Jirani wa kulia na fundi cherehani wanakusalimu. Mama angekusalimu pia kama angejua. Tuombeane uzima, na nijulishe kwa mpangaji atakaporudi, kwa neno moja tu, kama fundi ameshakuja.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho.